Unasafiri peke yako bila ya maharimu? Soma kwanza kabla hujakata tiketi

Ikikaribia Rajabu tu, sie wanawake wa Unguja na Pemba tulotawanyika huku nje simu zetu hazilali. Mmoja yuko Sweden, mwengine Kanada, mwengine Milton Keynes, na swali ni lilelile: shoga, naweza kwenda Umra peke yangu au lazima nimtafute kaka anisindikize? Na kaka mwenyewe yuko Dubai kazini, baba mtu mzima yuko Chake hawezi safari ndefu, mume hajapewa likizo, au mume hakuna kabisa. Basi nimeona niandike yote pahala pamoja.

Serikali ya Saudia imeshafungua. Zamani mwanamke wa chini ya miaka 45 alikuwa hapati viza ya Umra bila ya maharimu (mume au jamaa wa kiume asieweza kumuoa, kama baba na kaka), na alovuka 45 alitakiwa awe ndani ya kundi na barua ya maharimu wake kuwa ameridhia. Mwaka 2021 wakaanza kulegeza upande wa Hijja, mwanamke akaruhusiwa kujiandikisha akiwa na wanawake wenzake, na Oktoba 2022 waziri wao wa Hijja na Umra, Tawfiq al-Rabiah, akasema hadharani akiwa Cairo kwamba mwanamke anaweza kuja Umra bila ya maharimu. Hoteli nazo toka 2019 mwanamke anachukua chumba peke yake kwa paspoti yake tu. Kwa hio ukisikia mtu anakwambia "utarudishwa eapoti" huyo anakuhadithia mambo ya zamani.

Lakini ndugu zangu, ruhusa ya serikali ni moja tu na zipo nyengine, na kila ruhusa ina mwenyewe. Wakala naye ana masharti yake, dini ina hukumu zake, na nyumbani kuna wazee. Ninaowaona wanapata taabu si wale walokosa viza, ni wale waloshughulikia moja wakasahau tatu.

Nianze na dini mana ndo iliyo nzito. Wengi wetu ni Mashafi, yaani tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi. Hadithi inayomkataza mwanamke kusafiri mwendo wa mchana na usiku bila ya maharimu ipo ndani ya Bukhari na Muslim, hakuna wa kuikataa. Ila humohumo katika madhehebu yetu maulamaa wamesema Hijja ya faradhi mwanamke anaweza kwenda pamoja na wanawake waaminifu, na ndani ya Bukhari ipo pia hadithi ya Adiy bin Hatim, Mtume (SAW) anamwambia kwamba akijaaliwa umri mrefu atamuona mwanamke anatoka Hira, huko Iraq, mpaka anaitufu (anaizunguka) Al-Kaaba hamuogopi yoyote ila Mwenyezi Mungu. Safari ya sunna au ya kutembea tu, maulamaa wengi wa Kishafi wamekaza, na wapo waloruhusu kukiwa na amani njiani. Mie sitoi fatwa hapa, ninalokuomba ni umuulize shekhe anaekujua wewe na hali yako, na umuulize kabla hujatoa pesa, usikilize mpaka mwisho hata kama jawabu hukuipenda. Kwenda kusimama mbele ya Al-Kaaba na moyo una wasiwasi kama safari yako ni ya halali au siyo, wallahi ni mtihani mkubwa kuliko foleni ya eapoti. Kama unaweza kumpata hata mwanamke mmoja au wawili unaowaamini mkaenda pamoja, fanya hivo, si kwa ajili ya polisi, kwa ajili ya roho yako kutulia, na pia kuna siku utaumwa na utataka mtu wa kukuletea uji.

Nyumbani sasa. Usimpigie baba simu tiketi ishakatwa. Mpigie mapema, mwambie unakwenda na nani, unafikia hoteli gani, unarudi lini, mwache aulize, atauliza mengi, mjibu kwa adabu. Mzee akishajua ratiba yote anatoa radhi zake kwa moyo mweupe, anaekasirika ni yule aliesikia kwa jirani. Alieolewa anazungumza na mumewe, hilo sina haja ya kulisema. Barua ya ruhusa ya baba au mume kisheria Saudia hawaitaki tena, lakini mie nasema ibebe, karatasi moja ya Kiingereza na Kiarabu imesainiwa, pamoja na fotokopi ya paspoti yake, mana unaweza ukakutana na karani wa ndege au wakala ambae habari za 2022 bado hazijamfikia na ugomvi wa kaunta saa kumi za usiku hauna faida.

Viza: mwenye paspoti ya Uingereza, Marekani, Kanada au nchi za Ulaya anaomba ya kielektroniki onlaini, na viza ya utalii inakubali Umra. Mwenye paspoti ya Tanzania ila ana ukaazi wa kudumu wa Uingereza, Marekani au nchi za Umoja wa Ulaya nae ana njia yake, aangalie masharti kwenye tovuti yao rasmi ya viza kabla hajamlipa mtu. Ila Hijja HAIENDWI kwa viza ya utalii. Akija wakala akakwambia ingia na viza ya kutembelea halafu tutakupitisha Makka kimyakimya, mkimbie. Hijja ya 2024 walikufa watu zaidi ya 1,300 kwenye lile joto na Saudia wenyewe walisema wengi wao hawakuwa na kibali, yaani hawana hema, hawana basi, wanatembea juani. Mwanamke peke yake ndani ya hali ile, Mungu atuepushie.

Ushauri wangu kwa anaekwenda mara ya kwanza bila mtu wa kumshika mkono: anzia Madina. Madina ni mji mtulivu, hoteli nyingi ziko hatua chache kutoka Msikiti wa Mtume, upande wa wanawake uko wazi na umepangika, unajifunza kutumia simu, pesa na Nusuk bila ya haraka. Nusuk ndo programu yao, miadi ya kuingia Rawdha, ile sehemu ya Msikiti wa Mtume baina ya kaburi lake na mimbari, unachukulia humo na wanawake wana saa zao, kwa hio ichukue mapema usingojee kufika. Halafu Madina kwenda Makka panda treni ya Haramain, imefunguliwa 2018, ni kiasi cha saa mbili na nusu hivi na huna haja ya kukaa masaa ndani ya gari na dereva usiemjua. Miqati, yaani pahala pa kutilia nia ya ihramu, ya watu wanaotoka Madina ni Dhul Hulayfa, wanaiita Abyar Ali, iko nje kidogo ya mji, kwa hio nia yako usiicheleweshe mpaka treni ishapita, unaweza kuoga na kujitayarisha hotelini kabisa. Ukienda moja kwa moja Jidda kwa ndege, nia unaitia juu angani kabla ya kuvuka miqati, na si kila ndege rubani anatangaza, basi muulize mhudumu mapema. Mwanamke hana nguo maalumu ya ihramu, nguo yako ya stara inatosha, ila nikabu na glavu unavua.

Jambo tunaloona haya kulisema: hedhi. Ukiwa na familia unaweza kungojewa, ukiwa peke yako na tiketi isiyobadilika ni balaa. Ikikujia kabla ya miqati bado unaingia kwenye ihramu kama kawaida, unafanya yote isipokuwa kutufu mpaka utwaharike. Sasa hesabu siku zako kabla ya kukata tiketi, ndo hesabu ya mwanzo kabisa, acha nafasi mwisho wa safari. Wengine wanatumia vidonge vya kuchelewesha, norethisterone, kawaida vinaanzwa siku tatu kabla ya siku yako, lakini usichukue vya shoga yako, nenda kwa daktari mana kwa mtu mwenye historia ya damu kuganda au shinikizo la damu vina hatari yake, na juu yake kuna ndege ya masaa mengi umekaa. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ile ya ACWY, ipigwe si chini ya siku kumi kabla ya kufika.

Na mkoba wako ufungue uutizame wewe mwenyewe. Hapa nitasema bila ya kuficha kwa sababu sie tunajuana. Mama au bibi anaweza akakushonea kitu ndani ya bitana ya mkoba, au kuna karatasi ya kombe imekunjwa ndani ya pochi toka ulivokuwa skuli, au kichupa cha mafuta ulichopewa na mganga wa Wete ukakisahau. Saudia uchawi ni kosa la jinai na watu wamewahi kuhukumiwa kifo kwa kesi za namna hio, na ukikamatwa na hirizi peke yako, Kiarabu hujui, utamueleza nani kuwa ni mapenzi ya bibi tu? Itoe iache nyumbani. Dawa za hospitali nazo: huku Uingereza vidonge vyenye kodini unanunua dukani kwa maumivu ya kichwa, Emirati ni dawa zinazodhibitiwa na zinataka kibali. Tramadoli, dawa kali ya maumivu, ndo mbaya zaidi, mwaka 2017 mwanamke mmoja wa Kiingereza alihukumiwa miaka mitatu Misri kwa kuingia na karibu vidonge 300. Barua ya daktari, dawa ndani ya boksi lake lenye jina lako, na kiasi cha safari tu.

Mavazi sisemi mengi, mtu alokulia na buibui hafundishwi kujisitiri. Beba doti ya kanga tu, utajifunika kwenye treni, utasalia, utakaushia nywele.

Simu: Dubai na Abu Dhabi kupiga kwa WhatsApp kumefungwa, meseji na sauti za kurikodi zinakwenda. Mwambie mama kabla hujaondoka! Mana mama yuko Mkoani ameshika simu anangoja umpigie ukishuka Dubai, unapiga haiiti, yeye kule ameshaanza kusoma Yasini na kuwaamsha majirani. Mwambie utamtumia sauti. Na usicheze na VPN, sheria zao kali. Jina la hoteli lipige picha kwa Kiarabu, lisikae kwenye kichwa tu, kwa sababu Makka, khasa mitaa ya Misfala na Ibrahim Khalil, baada ya sala ya Isha watu ni wengi hata njia uloipita asubuhi huijui. Chagua lango moja la Haram, kariri namba yake, toka na ingia hapohapo.

Mwanamme akikusumbua, akikugusa kwenye msongamano, piga kelele. Usione haya, haya iwe kwake. Saudia wana sheria ya 2018 dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia, kifungo mpaka miaka miwili na faini mpaka riyali laki moja, na likiwa zito zaidi adhabu inapanda. Makka polisi ni 911. Emirati 999, Oman 9999.

Oman ni kwengine kabisa. Maskati ukizungumza Kiswahili sokoni utajibiwa, nusu ya mtaa ni jamaa zetu, mwanamke kwenda peke yake hakumshtui mtu. Taabu ya Oman ni udugu. Ukifikia hoteli na una ami yako Sib, umemvunjia heshima na habari itafika Unguja kabla yako, kwa hio kama unataka hoteli kwa sababu zako, nenda kampe salamu ami siku ya kwanza, kula kwake, muombe ruhusa vizuri. Mie naona kwa msichana alie peke yake nyumba ya jamaa ndo bora, ilimradi ni nyumba yenye wanawake na paspoti yako unakaa nayo wewe. Paspoti hapewi mtu "akuwekee", hata awe nani.

Iran mtandio unatakiwa kisheria toka eapoti, kwa wageni pia, na mwenye paspoti ya Uingereza, Marekani au Kanada hatembei huko bila ya muongozaji alokubaliwa na serikali. Afghanistan ndo imefunga: toka Disemba 2021 mwanamke hasafiri zaidi ya kilomita 72 bila ya maharimu. Huko mie nasema usiende peke yako, basi.

La mwisho ni kwa wenye watoto. Sie hatuchukui jina la mume, tunabaki na la baba na babu zetu, na mtoto ana la baba yake. Tuseme wewe paspoti inasoma Salma Juma Khamis, mtoto Yusra Ali Said, afisa wa mpakani anakuona huna jina hata moja linalofanana na mtoto ulomshika mkono. Ataulizia, na ana haki, watoto wanaibiwa. Beba cheti cha kuzaliwa chenye jina lako kama mama, na barua ya baba kuwa ameridhia mtoto asafiri, na namba yake ya simu inayopatikana saa hio. Na kama baba wa mtoto ni raia wa Saudia au nchi nyengine ya Ghuba na nyinyi hamuelewani, usiingie nchi yake na mtoto kwa maneno ya simu tu, mana kisheria anaweza akamzuia mtoto asitoke wewe ukabaki unalia ubalozini. Kamuone mwanasheria wa familia huku ulipo, akuandikie makubaliano, kabla hamjapanda ndege.