Namna ya kuwafunza wasichana wanne kupokezana kijiti

Mwalimu mwenzangu wa michezo, kama umekabidhiwa timu ya wasichana ya mita 100 mara nne na mashindano yako karibu, usianze kwa kutafuta nani ana mbio kumshinda nani. Anza na mikono yao. Timu nyingi nilizoziona zikitolewa pale uwanja wa Tononoka, Mombasa, zilikuwa na miguu mizuri tu. Kijiti kilianguka, au kilipokewa nje ya eneo la kupokezana, basi.

Hesabu yake ni hii. Rekodi ya dunia ya wanawake ni sekunde 40.82, waliyoiweka Wamarekani Tianna Madison, Allyson Felix, Bianca Knight na Carmelita Jeter kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012. Ukigawa kwa nne unapata kama sekunde 10.2 kwa kila mmoja. Peke yake, hakuna mwanamke aliyewahi kuifikia kasi hiyo. Rekodi ya mita 100 ya Florence Griffith-Joyner, ambayo imesimama tangu 1988, ni 10.49. Siri ni kwamba watatu kati ya wanne hukipokea kijiti wakiwa tayari wameshachanganya mbio. Faida hiyo ndiyo tunayoifanyia mazoezi, na ndiyo inayopotea mpokeaji akisimama kusubiri.

Huyo Felix namtaja kwa wasichana wangu kila msimu. Alianza na fedha ya mita 200 huko Athens mwaka 2004 akiwa na miaka 18, akaimaliza safari yake ya Olimpiki huko Tokyo akiwa na medali 11. Saba ni za dhahabu, na katika hizo saba ni moja tu aliyoipata peke yake, ile ya mita 200 ya London kwa sekunde 21.88. Sita zote alizipata na kijiti mkononi. Msichana anayenung'unika kwamba kupokezana ni mbio za waliokosa nafasi, mwambie hilo.

Kijiti chenyewe kisikusumbue. Kinatakiwa kiwe na urefu wa sentimita 28 hadi 30, kipenyo cha milimita 40 hivi, na uzito usiopungua gramu 50. Shule ikikosa, nenda dukani kwa vifaa vya ujenzi uombe kipande cha bomba la plastiki, kikate, kisha sugua ncha zake kwa msasa zisikwaruze viganja. Kwa mazoezi kinatosha.

Sasa mpange nani wapi. Wa kwanza awe mwepesi wa kutoka mlio ukipigwa, na awe anaiweza kona. Wa pili mpe mwenye miguu mirefu na pumzi, maana yeye hupokea na kutoa, na sehemu yake imenyooka. London, Felix alikimbia hapo. Wa tatu naye ni wa kona, na hapa ndipo walimu wengi huficha mkimbiaji dhaifu. Usifanye hivyo, kwani huyu ana mapokezi mawili ya kuharibu. Wa mwisho awe mwenye moyo, asiyetishwa na mtu aliye mbele yake. Kijiti kianze mkono wa kulia, kiende kushoto, kisha kulia, kisha kushoto, na asiwepo wa kukibadilisha mkono njiani. Hivyo wa kona hukibeba kwa mkono wa kulia na kuushikilia ukingo wa ndani wa leni yake, bila kugongana na anayempokea.

Wiki ya kwanza wasikimbie. Wapange mstari mmoja, wakitembea, kisha wakijongea taratibu. Mpokeaji aupeleke mkono nyuma chini kidogo ya kiuno, kiwiko kimenyooka, kiganja kikitazama nyuma, kidole gumba kikiwa mbali na vingine. Mletaji akipandishe kijiti kutoka chini mpaka kwenye pengo la gumba na shahada. Tazama hapo kwa makini: kiganja cha mpokeaji lazima kigusane na ngumi ya mletaji, ili kipande kirefu kibaki mbele. Wasipogusana, kila mapokezi kijiti kinazidi kuliwa, na wa nne anafikiwa na kipande kisichoshikika. Mkono ukishatolewa nyuma utulie kama tawi. Anayeutafuta mwenzake ni mletaji; mpokeaji hageuki kutazama.

Neno la kuita lichagueni wenyewe. Uwanjani kila timu inapiga kelele "hei!", na msichana wa leni ya tatu anatoa mkono kwa sauti ya leni ya nne. Wangu huitana kwa majina.

Eneo la kupokezana lina mita 30. Kinachohesabiwa ni kijiti kilipo, wala si miguu ya wakimbiaji. Mpokeaji asimame mwanzoni mwa eneo, ahesabu nyayo zake kurudi nyuma, aweke alama. Mimi huanza na nyayo 20 kwa wasichana wa sekondari. Mletaji akiikanyaga alama, mpokeaji anaondoka kwa nguvu zake zote. Akifikiwa mapema mno, ongeza nyayo. Asipofikiwa, punguza.

Na hapa kwetu upepo nao una neno. Kusi likivuma kwenye uwanja ulio wazi, anayekuja akipingana nalo huchelewa, kwa hiyo alama isogezwe karibu. Likimsukuma mgongoni, isogezwe mbali. Pima asubuhi ya mashindano, usitegemee ya juzi.

Joto pia usilidharau. Kwenye mbio za nyika za dunia zilizofanyika hapa Mombasa mwaka 2007, Kenenisa Bekele mwenyewe, yule bingwa wa Ethiopia, alishindwa kumaliza. Fanya mazoezi alfajiri au baada ya alasiri. Ramadhani ikiingia, waliofunga nawaachia kazi ya mikono tu, wakitembea kivulini. Mbio za nguvu tunaziacha. Anayekimbia na hijabu, ncha yake iingizwe ndani ya fulana, kwa sababu ikipeperuka nyuma inafunika kiganja ambacho mwenzake anakitafuta.

Kisha wafunze kuanguka kwa kijiti, jambo ambalo wengi hulikwepa kama ni nuksi. Rio mwaka 2016, kwenye mchujo, Felix aligongwa na mkimbiaji wa Brazil wa leni ya jirani alipokuwa akimpa mwenzake English Gardner, kijiti kikaenda chini. Wakakiokota, wakamaliza mbio. Marekani ilikata rufaa, timu ikaruhusiwa kukimbia tena peke yake uwanjani, ikapata 41.77 na kuingia fainali, kisha ikachukua dhahabu kwa 41.01.

Kwa hiyo mazoezini nakiangusha makusudi. Ikiwa bado hakijawa mkononi mwa mpokeaji peke yake, anayekiokota ni mletaji. Anaweza kutoka nje ya leni kukifuata, mradi asimzuie mtu wala asifupishe njia. Arudi, amkabidhi mwenzake ndani ya eneo, na wamalize hadi mstari hata kama wengine wameshafika. Rufaa ni kazi yako mwalimu, kwa hiyo mfuate mwamuzi mapema.