Kufunga mwaka na vijana wa usharika: anza na daftari, mkesha utafuata

Vikundi vingi vya vijana hufunga mwaka kwa mtindo mmoja: keki, pilau, mkesha, na mhubiri mgeni anayetangaza kwamba mwakani ni mwaka wa kuvuka. Januari inafika, viti vya nyuma ni vitupu vilevile, na hakuna anayejua waliokuwa wakivikalia walikwenda wapi. Mkesha ulipangwa kwa miezi miwili, ila kuhesabu watu hakukufanyika hata kwa saa moja. Utaratibu ufuatao unamfaa mlezi wa kikundi cha vijana 30 hadi 80 katika usharika wa mjini Tanzania. Wa kijijini ana la kwake mbele kidogo.

Jambo la kwanza ni tarehe. Jumapili ya kwanza ya Majilio, yaani majuma ya kuingojea Krismasi, huangukia kati ya Novemba 27 na Desemba 3. Kazi ya tafakari ifanyike Jumapili hiyo na inayofuata, basi. Kuanzia katikati ya Desemba, vijana wa Dar es Salaam wanaanza kupanda mabasi ya Moshi, Bukoba na Mbeya, na wanaobaki wako mazoezini na kwaya ya Krismasi. Ukisema utafanya tathmini "baada ya sikukuu", umeshaifuta. Majilio yana faida nyingine pia: wa mtihani wa kidato cha nne wa Novemba wamemaliza au wanamalizia, na wa bweni wanaanza kurudi. Ni dirisha fupi ambalo karibu kila mtu yupo.

Daftari la mahudhurio

Wiki moja kabla ya Majilio, kaa na katibu mkiwa na daftari, kalamu ya rangi na saa mbili zisizo na simu. Msihesabu mwaka mzima. Chagueni miezi minne isiyo na sikukuu kubwa wala likizo ndefu, kwa mfano Februari, Mei, Agosti na Oktoba. Pasaka na siku ya tamasha la uimbaji zitawadanganya, kwa kuwa kila mtu huja. Aliyehudhuria angalau Jumapili mbili katika mwezi mhesabuni kuwa alikuwepo mwezi huo, kisha linganisheni Februari na Oktoba.

Majina yaliyokuwepo Februari na hayapo Oktoba yaandikwe kwenye karatasi ya peke yake. Hiyo ndiyo karatasi muhimu kuliko zote za mwaka. Mbele ya kila jina andikeni sababu mnayoijua kwa hakika: kahama, yuko bweni, ana zamu Jumapili (walinzi, wauguzi, wauza maduka, madereva wa bodaboda), kaolewa usharika mwingine, mgonjwa. Msipoijua, acheni wazi. Nafasi zilizo wazi ndizo zenye kazi. Mara nyingi utakuta majina sita au saba ambayo kamati nzima ilidhani mtu mwingine anayafuatilia.

Msitumie kundi la WhatsApp kama daftari. Kuna walioko humo hawajakanyaga kanisani tangu kipaimara, na kuna wanaokuja kila Jumapili na simu zao ni za kitochi. Na msitangaze madhabahuni kwamba "fulani na fulani wamepotea". Habari itamfika jioni ileile, ikiwa na chumvi, na hapo ndipo atakapopotea kweli.

Gawaneni majina: kila kiongozi matatu, yasizidi. Aende nyumbani au kazini kwa mtu, na kijana wa kike atembelewe na wa kike mwenzake au na watu wawili. Ziara iwe ya nusu saa. Kosa linaloharibu ziara hizi ni kuanza na swali la "mbona huonekani?" Hilo ni swali la polisi. Muulize kazi, mtihani, mama yake anaendeleaje, kisha nyamaza. Sababu itakuja yenyewe, na mara nyingi ni ndogo kuliko ulivyodhani: alidaiwa hela ya sare mbele ya watu, au alifiwa na hakuna aliyekwenda msibani.

Karatasi ya maswali matano

Jumapili ya kwanza ya Majilio, baada ya ibada, toa dakika 40. Kata karatasi za A4 nusu kwa nusu, gawa penseli, na usiruhusu majina kuandikwa. Mikono ikiinuliwa hadharani vijana watakujibu unachotaka kusikia, kwa sababu wewe ndiye unayewaandikia barua ya utambulisho wakiomba chuo au kazi.

Andika maswali ubaoni, moja moja, na kila moja lipewe dakika tano za kimya. Jumapili gani mwaka huu ulitoka kanisani ukiwa mwepesi? Mwezi gani uliacha kusali, na nini kilikuwa kinaendelea? Nani alikuja mara moja au mbili kisha hukumwona tena? Jambo gani ulitaka kumwambia kiongozi ukanyamaza? Kitu gani tunachokifanya kikundini mwakani tukiache?

La mwisho usiliruke. Kila tathmini huuliza tuongeze nini, ndiyo maana vikundi vinaishia na mikutano minne kwa wiki na hakuna mwenye nguvu ya kuhudhuria hata mmoja. Dakika tano zitaonekana ndefu, na wapo watakaocheka. Waache. Kicheko huisha dakika ya pili.

Kisha soma Luka 13:6-9, mfano wa mtini usiozaa, mkulima akiomba: "uuache mwaka huu nao, hata niupalilie, niutilie samadi." Usihubiri. Uliza tu samadi ya kikundi hiki ni ipi, wajibu watatu, mfunge kwa sala.

Karatasi wasizisome wanakamati, maana wana la kujitetea. Soma wewe na mtu mmoja asiye kiongozi. Yakijitokeza maneno ya kupigwa, kuguswa vibaya au kutaka kujidhuru, jambo hilo limetoka kwenye tathmini: mfikishie mchungaji siku hiyohiyo, na kama ni mtoto chini ya miaka 18, ofisi ya ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi vinahusika. Kwa kuwa karatasi haina jina, waambie vijana wote Jumapili inayofuata ni nani wanaweza kumfuata faragha, wa kiume na wa kike, na saa ngapi wanapatikana.

Fedha

Hapa ndipo vikundi vinavunjika, na kwa kawaida si wizi. Ni mhazini mwaminifu aliyepokea michango kwenye namba yake mwenyewe ya simu, ikachanganyika na hela ya luku na ya nauli, na Desemba hawezi kueleza tofauti ya shilingi 43,000. Tayari watu wananong'ona.

Chagua watatu wasio kwenye kamati. Wachukue taarifa ya miamala ya mwaka kutoka kwenye simu, daftari la mapato na stakabadhi. Waandike ukurasa mmoja wenye mistari minne: kilichoingia, kilichotoka, kilichopo, na ahadi zisizolipwa. Ahadi ziandikwe jumla bila majina. Tuseme vijana 30 waliahidi sare na 22 wamelipa: taarifa inasema "nane bado", na mhazini anaongea na hao wanane mmoja mmoja. Asiye na uwezo aambiwe wazi kwamba amesamehewa. Deni la sare limefukuza waimbaji wengi kuliko ukali wa mwalimu wa kwaya.

Stakabadhi zikikosekana, sema zimekosekana na kiasi chake. Mkisoma hesabu iliyolazimishwa ikae sawa, wenye akili za biashara humo ndani wataiona kabla hujamaliza. Mwakani tumieni lipa namba ya usharika, au namba inayosimamiwa na watu wawili.

Krismasi

Kwa ziara ya wodini au gerezani, barua iende wiki mbili kabla: kwa muuguzi mkuu wa wodi, au kwa mkuu wa gereza. Uliza wanachohitaji. Mara nyingi ni sabuni ya mche, sukari na dawa ya meno. Chakula kilichopikwa huzuiwa getini, na sufuria la pilau litarudi nanyi. Hakuna picha za wagonjwa, hata wakikubali.

Sasa mlezi wa kijijini. Wewe kanisa lako linajaa wakati la mjini linapungua. Wageni watakuja na magari, nyimbo mpya na ushauri. Wapokee, wape nafasi ya wimbo mmoja, lakini usiwape ratiba. Vijana wako wamefagia kanisa hilo mwaka mzima, wasiwe watazamaji siku ya sikukuu yao.

Usiku wa Desemba 31

Mkesha huu Wamoravian wa Herrnhut, Ujerumani, walikuwa nao tangu 1733, na Wamethodisti wa John Wesley wakauchukua baadaye katika karne hiyohiyo. Katika sharika za Kimoravian kuna desturi nzuri ambayo yeyote anaweza kuiazima: kusoma kumbukumbu za mwaka. Ni maandishi ya yaliyoupata usharika: waliozaliwa, waliobatizwa, waliooana, waliozikwa, mvua zilivyokuwa, paa lilivyoezuliwa. Andika kurasa mbili, zisizozidi dakika 15 kusomwa, ukichota kwenye daftari na kwenye majibu ya karatasi (bila kumtambulisha mtu). Hapo ndipo kazi ya Majilio inaporudi kwa wenyewe. Waliofariki tajwa kwa majina, kengele moja kwa kila jina.

Ratiba inayofanya kazi: saa 3 usiku nyimbo, saa 4 kumbukumbu, saa 4:15 kimya na sala, saa 4:30 shuhuda, saa 5 chai, saa 5:30 neno, saa 5:55 kimya, saa 6 kengele. Chai ikitolewa saa 3, walioifuata wataondoka. Ikisogea hadi saa 7, wadogo watakuwa wamelala kwenye mabenchi.

Shuhuda ziwe tano, dakika tatu kila moja, na wasemaji uwe umezungumza nao mapema. Ukiacha maiki wazi, zitakuwa gari, kiwanja na visa ya kwenda nje, wakati aliyefiwa na baba na anayengoja matokeo ya kidato cha nne ya Januari kwa tumbo joto wamekaa hapohapo wakijiuliza Mungu aliwapita kwa lipi. Mmoja kati ya watano awe mtu ambaye mwaka umemwelemea na bado yupo. Na usiku huo usiitishe ahadi za fedha. Kijana ataahidi kwa joto la saa 6, na Januari ya ada itamfanya akukwepe.

Chai ya watu 60: maji lita 20, majani gramu 150, sukari kilo 1 na nusu, tangawizi mbichi robo kilo iliyotwangwa. Inatoka vikombe 80, maana wapo wa kurudia. Tangawizi ichemke dakika 15 kwanza, majani yaingie mwishoni kwa dakika tano. Yakichemka saa nzima chai inakuwa chungu na sukari itaongezwa bure. Maandazi 120. Wapishi waanze kuwasha saa 3:30, sufuria la lita 20 halichemki kwa nusu saa juu ya mkaa.

Jenereta lijaribiwe Desemba 30 likiwa limebeba spika na taa zote, saa nzima. Lililolala tangu Pasaka likiwa na petroli ndani huziba kabureta. Litawaka, likohoe, lizime mhubiri akiwa katikati ya sentensi. Jenereta dogo lenye mzigo hunywa kama lita moja kwa saa, kwa hiyo weka lita 8 kwenye dumu, mbali na jiko la chai, na lizimwe lipoe kabla ya kuongeza mafuta. Likae nje kabisa. Moshi wake unaua. Ofisi ya mtendaji wa mtaa na kituo cha polisi wapate barua mapema, na fataki zisipigwe bila kibali.

Swali la mwisho la usiku huo ni nani anarudi nyumbani na nani. Daladala hazipo, bodaboda wengine wamelewa. Aliye chini ya miaka 18 aje na ruhusa ya mzazi kwa maandishi au kwa simu, na aondoke na mtu mzima aliyetajwa. Wengine wabaki hadi saa 12 asubuhi, wavulana na wasichana sehemu tofauti, taa zikiwaka, viongozi wawili macho kila upande. Katibu asimame mlangoni na orodha, akiweka alama kwa kila anayetoka.

Januari

Karatasi ya majina yaliyo wazi, majibu ya swali la tano na ukurasa wa hesabu viwekwe bahasha moja na kukabidhiwa kamati Jumapili ya pili ya Januari. Mchague mambo mawili ya kuacha kabla ya kupanga jambo jipya hata moja. Jumapili ya kwanza ya mwezi muiache iwe ibada tu.

Na wewe mlezi uondoke. Mitume walipomrudia Yesu na taarifa ya kazi, aliwaambia waende "kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo" (Marko 6:31). Chukua siku kumi, simu ya kikundi ibaki kwa mwenyekiti, ufunguo wa stoo kwa katibu, na mwambie mtu mmoja tu uliko. Usipomwachia mtu ufunguo, watakufuata kwa ajili ya spika.