Kuomba si kudai: "demand" kwa Wabukavu walio ng'ambo

Ukitoka Bukavu, Kongo, barua rasmi ya Kifaransa unajua kuiandika. Unaweka "Objet: Demande d'emploi" (Yah: Ombi la kazi), unaanza na "J'ai l'honneur de…" (Nina heshima ya…), kisha heshima zote anazostahili mkubwa wa kazi. Ni barua ya unyenyekevu kabisa. Shida inaanza pale unapoigeuza Kiingereza, "demande" ikawa "demand", na karani wa Manchester au Dallas akasoma "I demand a job", yaani nadai kazi. Kwake huyo si mwombaji. Ni mtu anayemwamuru, tena kwa hasira.

Maneno hayo mawili yana asili moja: "demandare" ya Kilatini, yaani kukabidhi au kuagiza. Katika Kifaransa yakaja kuwa kuuliza na kuomba. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya mabwana, baadaye na ya mahakama, hata mwaka 1362 ikatungwa sheria kwamba kesi ziendeshwe kwa Kiingereza. Katika mahakama hizo, aliyesema "demand" alikuwa anadai kilicho haki yake, kama shamba alilonyang'anywa. Ukali huo ndio uliobaki katika Kiingereza cha leo. Sisi tunaijua vizuri tofauti hiyo: sokoni Kadutu, anayeomba na anayedai hawapokelewi kwa uso mmoja.

Basi kwa kazi, pasipoti au nyumba ya serikali, andika "apply for". Kwa hifadhi ya ukimbizi watu husema "apply for asylum", na Uingereza utasikia sana "claim asylum". Msiogope "claim" (dai) hiyo, ni lugha ya kawaida ya sheria. Ukitaka miadi au nakala ya karatasi, "request" inatosha, na inapotumika kama kitenzi haifuatwi na "for": "I would like to request an appointment."

Penye kazi zaidi ni "ask", kwa sababu inabeba kuuliza na kuomba pamoja, na kinachovitenganisha ni kaneno kadogo "for". "I asked the doctor" ni nilimuuliza daktari. "I asked for the doctor" ni niliomba daktari aje. Hospitalini usiku, mama yako akiwa kitandani, nesi atafanya kulingana na ulichosema, si ulichokusudia. Mfundisheni hata mzee asiyejua Kiingereza sentensi hii moja: "I want to ask for a Swahili interpreter", yaani nataka kuomba mkalimani wa Kiswahili.

"Demand" yenyewe mtakutana nayo kwenye bahasha. Uingereza, bili iliyoandikwa "Final Demand" ni onyo la mwisho kabla mdai hajachukua hatua, labda hata kwenda mahakamani. Usiiweke juu ya kabati. Piga simu siku hiyo hiyo, useme: "I would like to ask for a payment plan", ili ulipe kidogo kidogo.