Umepata kipima mwanga cha zamani cha Gossen? Jua kwanza ni cha enzi gani

Wapenzi wa kamera za filamu, nimeulizwa mara nyingi kuhusu kile kidude ninachotembea nacho shingoni, yaani kipima mwanga kinachokuambia uiweke kamera vipi kulingana na mwanga uliopo, kama bado kinafanya kazi na mtu akikipata aanzie wapi. Mimi jibu langu ni moja, anza na umri wake. Gossen wametengeneza vipima mwanga tangu miaka ya 30 na kila enzi ilikuwa na jicho lake, yaani ile sehemu inayohisi mwanga, kwa hiyo ukikitendea cha mwaka 1950 kama vile ni cha mwaka 1970 utaunguza filamu bure na filamu siku hizi bei yake mnaijua wenyewe.

Kampuni yenyewe ilianzishwa na Paul Gossen mwaka 1919, na kwa miaka mingi makao yake yalikuwa Erlangen, kule Bavaria, Ujerumani. Hawakuanza na mambo ya picha kabisa, walikuwa watu wa mita za umeme, zile za mshale unaocheza kwenye kioo. Na hapo ndipo penye siri yote, maana kipima mwanga cha zamani ni mita ya umeme tu iliyowekewa jicho mbele. Kabla ya hapo mpiga picha alikuwa anakisia kwa macho au anasoma majedwali, au anachungulia kwenye kijibomba kuona namba ipi bado inaonekana gizani. Miaka ya 30 mwanzoni Gossen wakaleta Ombrux, halafu baadaye ikaja Sixtomat ambayo ndiyo utakutana nayo sana kwenye masanduku ya wazee.

Sasa shika chako mkononi. Kama hakina mahali pa kuweka betri, na mbele kina kioo kipana chenye vijinundu kama sega la nyuki, hicho ni cha seleniamu. Seleniamu inazalisha umeme yenyewe ikipigwa na mwanga, ndiyo maana haihitaji betri. Simama dirishani, elekeza angani, mshale unatakiwa kupanda, kisha ziba kioo kwa kiganja, mshale urudi chini kabisa. Mshale usipotikisika kabisa, selo (lile jicho la seleniamu) imekufa na haifufuki, kiweke kabatini kama pambo. Ukitikisika usishangilie bado! Selo iliyochoka inasogeza mshale vizuri tu ila inadanganya, kwa hiyo kijaribu kwenye jua kali la saa sita mbingu ikiwa safi: ukiweka filamu ya ISO 100 (ISO ni kipimo cha kasi ya filamu, yaani wepesi wake wa kupokea mwanga) kinatakiwa kikupe karibu apacha 16 (apacha ni tundu la lenzi) kwa shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, ya 1/125 ya sekunde. Kisha kijaribu kivulini, kisha ndani ya nyumba, ulinganishe na kamera ya dijitali, maana vingine viko sawa juani halafu vinapotea mwanga ukipungua. Na unyevu ndio adui yake mkubwa, sisi wa pwani tukiweke kwenye kopo lenye vile vipakiti vya kunyonya maji na kiwe gizani.

Kitu kingine kinachowachanganya watu kwenye hivi vya seleniamu ni kasi ya filamu kuandikwa kwa DIN, kipimo cha Wajerumani. Ni rahisi, DIN 21 ni sawa na ISO 100, 24 ni 200, 27 ni 400, yaani kila ukiongeza tatu kasi inakuwa mara mbili.

Miaka ya 60 ndipo kikaja ninachokipenda mimi, Lunasix, na ndugu yake Lunasix 3 ambayo Marekani iliuzwa kwa jina la Luna-Pro. Luna ni mwezi kwa Kilatini na hawakutania, kinasoma mwanga hafifu ambao seleniamu hata haiuoni. Jicho lake ni la kadimiamu salfaidi, halizalishi umeme, linapunguza tu ukinzani wake wa umeme mwanga ukiongezeka, ndiyo maana kinataka betri mbili. Na hizo betri ndizo zilizowatesa wengi. Zilikuwa za zebaki, volti 1.35 kila moja, na zilipigwa marufuku kwa sababu ya sumu. Mimi nilipopata changu nikatumbukiza za kawaida za volti 1.5, mshale ukacheza vizuri nikafurahi, roli nzima ikatoka giza. Volti ikizidi mshale unapanda kuliko ukweli, kipima kinadhani mwanga ni mwingi, na wewe unabana apacha. Tumia betri za hewa namba 675, zile za vifaa vya kusaidia kusikia, zina volti 1.4 na tofauti yake huioni kwenye picha. Ni ndogo kidogo kwa hiyo zungushia kipete cha mpira zikae katikati, na ukishabandua ile stika iliyoziba matundu yake ya hewa zinaanza kuisha hata kama hutumii. Ukitaka kumaliza kabisa tafuta adapta inayoshusha volti ya betri za silva, yaani za oksidi ya fedha.

Kupima ni hivi. Bonyeza kitufe cha kukagua betri, mshale usimame kwenye alama nyekundu. Kisha swichi ya pembeni inayobonyea pande mbili, upande mmoja ni wa mwanga mkali na mwingine wa mwanga hafifu, anza na mkali siku zote. Ukiachia swichi mshale unajifunga pale pale, soma namba bila haraka uihamishie kwenye diski ya kipima, ile inayokupa apacha na shata. Na ukitoka juani kuingia ndani subiri dakika moja au mbili, jicho hili lina kumbukumbu, linabeba jua la nje.

Vya baadaye kama Profisix na Lunasix F vina jicho la silikoni, vinatumia betri ya volti 9 inayopatikana popote, havina kumbukumbu hiyo, na kusoma ni kuzungusha diski mpaka mshale usimame kwenye sifuri. Kama ndiyo unanunua cha kwanza, nakushauri hiki.

La mwisho ambalo kwetu ni muhimu sana, ile kuba nyeupe inayoteleza juu ya jicho. Usiifanye pambo. Ukipima bila kuba, kipima kinadhani kila kitu ni kijivu, basi ukikielekeza kwenye uso mweusi kinaongeza mwanga mpaka ngozi inapauka, na ukikielekeza kwenye kanzu au shela ya bibi arusi kinapunguza mpaka nguo inakuwa ya majivu na uso unapotea. Telezesha kuba, nenda pale alipo mtu wako, weka kipima karibu na shavu lake, kuba itazame kamera na siyo jua, na wewe mwenyewe usimtupie kivuli. Namba utakayopata hapo ndiyo ya mwanga unaomwangukia yeye, awe amevaa nyeupe awe na ngozi ya rangi gani, iweke kwenye kamera hivyo hivyo bila kuikarabati.