SOMO: Mshumaa wa nta ya nyuki, kuanzia kwenye sega hadi unapowaka

Habari za wakati huu, wanachama. Msimu wa kurina umepita, na najua kuna ndoo za masega yaliyokamuliwa zimewekwa nyuma ya nyumba zikingoja nondo wa nta, wadudu wanaokula masega. Msizitupe. Masega hayo mkiyayeyusha mnapata nta, na nta inatengeneza mshumaa unaowaka polepole kuliko wa dukani, tena wenye harufu ya asali.

Niseme mapema: mshumaa wa nta ukigoma kuwaka, mara nyingi kosa ni la utambi. Kwa hiyo hatua ya pili isomeni kwa makini kuliko zote.

Hatua ya 1: Kupata nta safi

Vunjavunja masega, yaloweke kwenye maji usiku kucha ili asali iliyobaki itoke, kisha mwaga maji hayo. Asali ikibaki kwenye nta huziba utambi. Masega meusi yaliyolelewa majana (watoto wa nyuki) yana nta kidogo na machicha mengi, hivyo yatenge na yale meupe.

Yafunge kwenye kiroba au kitambaa chepesi, tumbukiza kwenye sufuria yenye maji, weka motoni. Maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima cha chumvi. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, kwa hiyo maji hayana haja ya kutokota kwa fujo. Kandamiza kiroba kwa mwiko mpaka nta itoke na kuelea juu. Toa kiroba, funika sufuria, acha ipoe hadi asubuhi. Utakuta bonge la nta limeganda juu ya maji, na chini yake kuna tabaka la uchafu wa kahawia. Likwangue kwa kisu. Nta ikiwa bado chafu, iyeyushe tena na uichuje kwa kipande cha kanga kuukuu.

Tumia sufuria ya alumini au ya stili. Chuma cha kawaida, shaba na bati hubadilisha rangi ya nta. Na fanyeni kazi hii jioni au ndani, kwa sababu harufu ikisambaa mchana nyuki watawajia jikoni kwa makundi.

Hatua ya 2: Utambi

Chukua uzi wa pamba tupu, ule wa kufumia vitambaa. Uzi wenye nailoni haufai, unayeyuka na kutoa moshi mweusi. Ukitaka kuujaribu, choma ncha: pamba huacha jivu laini, nailoni huacha kidonge kigumu.

Usiusokote, usuke. Utambi uliosukwa hujikunja kidogo unapowaka, ncha yake ikatokeza pembeni mwa mwali na kuteketea yenyewe. Zamani tambi zilikuwa za kusokotwa, na ilibidi mtu akae na mkasi akipunguza ncha kila mara, hadi Mfaransa Cambacérès alipoleta utambi wa kusuka mwaka 1825. Mkono unaojua kusuka nywele hauhitaji kufundishwa hapa: mafungu matatu, msuko wa kubana, basi.

Kisha changanya kijiko kimoja cha chumvi na viwili vya boraksi (ile wanayotumia masonara) kwenye glasi ya maji ya moto. Loweka utambi usiku mzima, uanike mpaka ukauke kabisa. Dawa hii hupunguza jivu. Boraksi si ya kulamba, na watoto wakae mbali nayo.

Mwisho, chovya utambi mkavu kwenye nta iliyoyeyuka. Vitatoka viputo vidogo vidogo. Vikikoma, utambi umeshiba. Utoe, uvute unyooke, ulaze kwenye gazeti.

Sasa unene. Nta ya nyuki ni nzito kuliko nta ya parafini ya mishumaa ya dukani, hivyo inataka utambi mnene zaidi. Tengeneza mishumaa mitatu ya majaribio yenye tambi za unene tofauti, iwashe kwa saa moja, uitazame. Ukiona mwali umechimba shimo katikati na kuta zimebaki, utambi ni mwembamba. Ukitoa moshi na nta kumwagika pembeni, ni mnene mno. Unaotakiwa ni ule ambao dimbwi la nta linakaribia ukingo bila kuuvuka.

Hatua ya 3: Kalibu

Bomba la maji la plastiki la inchi moja linatosha. Lipasue kwa urefu, lipake ndani mafuta ya kula kidogo sana, kisha lifunge tena kwa mipira ya tyubu ya baiskeli. Pitisha utambi katikati, juu ufunge kwenye kijiti, chini uvute na kuziba kwa udongo wa mfinyanzi.

Hatua ya 4: Kumimina

Weka nta kwenye sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa yenye maji. Kamwe usiiweke moja kwa moja kwenye jiko. Ikishika moto, funika kwa mfuniko na uzime jiko. Usimwagie maji, maana moto utaruka. Nta ikiyeyuka yote ipua, isizidi nyuzi 85 maana rangi itaharibika. Huna kipimajoto? Subiri utando mwembamba uanze kuganda kandokando ya sufuria, hapo mimina taratibu. Ikipoa itabonyea karibu na utambi, ongezea kidogo.

Zungushia kalibu taulo ipoe polepole, fungua kesho yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Manyoni: Shikamoo mwalimu. Mishumaa yangu imeota unga mweupe. Ni ukungu?

Marahaba. Si ukungu. Nta halisi hufanya hivyo ikikaa, hasa kwenye baridi. Futa kwa kitambaa laini, au uipashe kidogo juani.

Kibondo: Nta yangu ni ya mizinga ya magogo, nyeusi mno. Niweke Jik?

Hapana, dada. Chuja mara mbili zaidi. Ikibaki nyeusi, ikwangue iwe vipande vyembamba, vitandaze juani kwenye sinia, vigeuze na kuvinyunyizia maji. Rangi itapungua siku hadi siku. Ila mimi naiacha na rangi yake, inawaka vilevile.

Mufindi: Yangu imepasuka kwa mduara katikati.

Imepoa haraka, na kwenu huko baridi haina simile. Pasha kalibu kwenye maji ya moto kwanza, ikaushe, ndipo umimine. Usiweke kwenye friji kuharakisha.

Sikonge: Naweza kuchanganya na mishumaa ya dukani iliyovunjika ili iwe mingi?

Itawaka, kaka. Lakini ukiiuza mwambie mnunuzi. Anayenunua nta tupu, kama parokia inayotaka mshumaa wa Pasaka, akigundua hatarudi.

Dodoma: Mimi sina mizinga, nanunua nta sokoni. Nitajuaje haijachakachuliwa?

Nusa, lazima inukie asali. Kisha kanda kipande kwa vidole: nta halisi hulainika na kushikamana, iliyochanganywa huacha utelezi wa mafuta mkononi. Na vunja bonge zima kabla ya kulipa. Wengine huficha machicha katikati, au hata jiwe.

Sikonge tena: Machicha nayafanyia nini?

Yakaushe, ni ya kuwashia moto mkaa mbichi. Yasikae karibu na mizinga, yanaita nondo.