Korosho ya Mti Mzuri Haizai Mti Ule Ule

Kila msimu, huku Mtwara na Lindi, wakulima huokota korosho kubwa chini ya mkorosho uliozaa vizuri na kuzitunza kwa ajili ya kupanda, wakiamini kwamba mti utakaoota utafanana na mama yake. Kosa hili ni la gharama kubwa, kwa kuwa mkulima hulitambua baada ya miaka kadhaa, mti unapoanza kuzaa. Katika shamba moja huko Newala nilionyeshwa mstari wa mikorosho iliyotokana na mti mmoja: wa kwanza ulikuwa na mabibo mekundu, wa pili ya njano, na wa tatu majani tele na korosho za kuhesabu.

Urithi wa mama peke yake upo, ila si ule unaotafutwa. Seli ya mmea ina DNA, yaani kibeba urithi, katika kiini, katika kloroplasti zinazotengeneza chakula kwa mwanga wa jua, na katika mitokondria zinazoipa seli nguvu. Kwa mimea mingi yenye maua, DNA ya kloroplasti na mitokondria hutoka kwa mama bila kuchanganyika na ya baba, ndiyo maana watafiti huitumia kufuatilia koo za mimea. Hata hivyo, kloroplasti ina jeni zipatazo 120 tu, ilhali kiini kina makumi ya maelfu, na nusu ya urithi wa kiini huja na chavua ambayo wadudu wameitoa kwenye mkorosho usioujua. Kikonyo, yaani kijitawi kinachokatwa kwenye mti mzuri, ndicho hubeba DNA zote tatu kama zilivyo.

Kwa hiyo bebesha, yaani unganisha kikonyo kwenye mche ulioota kwa mbegu. Anayetaka kupanda Desemba aoteshe mbegu Agosti, abebeshe mche ukiwa na wiki 6 hadi 8. Kikonyo kiwe na urefu wa sentimita 10 hadi 12 na unene ulio sawa na wa mche; majani yake yapunguzwe siku 7 hadi 10 kabla ya kukikata, nacho kitumike siku hiyo hiyo. Nimekuta vikonyo vimeanikwa juani juu ya baiskeli tangu asubuhi. Huko ni kuua miche kwa makusudi. Kikishika, kitachipua baada ya wiki chache.

Vikonyo visitoke kwenye mti mmoja. Chukua vya aina kadhaa zilizopendekezwa na TARI Naliendele, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania kilichopo Mtwara, ili ugonjwa mmoja usiangamize shamba zima. Mwaka 1970 mahindi mengi ya chotara nchini Marekani yalikuwa na mitokondria za ukoo mmoja wa mama, uliopendwa kwa sababu ulizuia mmea kutoa chavua na kurahisisha uzalishaji wa mbegu. Fangasi mmoja alishambulia kupitia udhaifu wa mitokondria hizo, na takriban asilimia 15 ya mavuno ya nchi ikapotea. Mahindi yenye mitokondria za koo nyingine yalistahimili, na kwa tofauti za namna hiyo mimea huvuka maradhi kizazi baada ya kizazi.

Baada ya kupanda kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, kagua kila wiki na kuondoa machipukizi yote yaliyo chini ya kiungo, pale kikonyo kilipounganishwa na mche, kwa kuwa hayo ni ya mche wa mbegu na yakiachwa yatakizidi nguvu kikonyo.