Namna ya kusikiliza "Barua za Faragha" ukiwa darini Lamu

Mimi ni mpiga fidla wa harusini, hapa Langoni. Umri wangu wote ni taarabu, kwa hivyo mara ya kwanza kuisikiliza "Barua za Faragha", kwateti ya pili ya mtunzi Leoš Janáček, nilikaa nikimngoja mwimbaji aingie. Haingii. Ni fidla mbili, viola (fidla kubwa kidogo, ya sauti nzito zaidi) na selo (kubwa zaidi, ya sauti nene), basi, kwa dakika kama 25.

Ipakue mchana, maana mtandao ukikatika katikati, raha imekwisha. Panda darini baada ya isha, punda wakishatulia, uvae hedifoni. Kwa spika ya simu selo huisikii. Utasikia mbu tu.

Kabla hujabonyeza, kijue kisa. Mwaka 1917 Janáček, mzee wa Moravia, huko Ucheki ya leo, ana miaka 63, alikutana na Kamila Stösslová, mdogo kwake kwa miaka 37. Kila mmoja ana mwenziwe nyumbani. Akamwandikia barua zaidi ya 700. Majibu yalikuja kwa uchache. Kwateti yenyewe aliitunga kwa majuma matatu hivi, mwanzoni mwa 1928.

Sasa ifuate viola, kwani viola ndiye Kamila. Fidla zinafungua kwa kishindo, halafu ghafla viola inanong'ona, sauti nyembamba, baridi kama kioo. Sauti hiyo hutoka kwa kukokota upinde karibu kabisa na kile kibao kinachoinua nyuzi. Kwetu fundi akikusikia hivyo atakuuliza fidla yako ina mafua gani. Rudia hapo mara tatu, nne. Usipomtambua hapo, mbele utapotea.

Usitafute maqam, ile mipangilio ya sauti ya taarabu, wala usihesabu mdundo kwa mguu. Unabadilika kabla hujaushika. Mimi nilipoteza siku mbili kwa ubishi huo.

Sehemu ya pili iache ipite. Ya tatu inaanza kama mama anayebembeleza mtoto, lakini usisinzie: fidla ya kwanza itapanda mpaka iwe ukelele. Siku moja niliiweka kwa sauti, mke wangu akianua nguo, akauliza nani kafiwa. Ya nne ni ngoma ya kijijini inayokatizwa kila ikitaka kuchanganya.

Janáček alifariki tarehe 12 Agosti 1928. Kwateti ilipigwa hadharani mara ya kwanza jijini Brno, huko huko Moravia, tarehe 11 Septemba. Yeye aliishia kuisikia mazoezini. Nilipolijua hilo nikairudia tangu mwanzo, viola peke yake, fidla nikaziacha zigombane huko.